Kuhamia Chwaka Uzeeni: Onja Kisima Kabla ya Kulipa Kodi

Mzanzibari aliyeondoka akiwa kijana, akachukua uraia wa Oman, Uingereza au Denmark, hurudi mvi zimejaa kichwani na kukutana na jambo dogo linalochoma: kwenye uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume anasimama foleni ya wageni. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa Mtanzania na raia wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Bibi aliyezaliwa Chwaka, anayejua diko la wavuvi liko wapi na babu yake kazikwa wapi, anagongewa viza sawa na mtalii wa Kitaliano aliyemtangulia. Alidhani ughaibuni ameuacha Muscat au London. Kwa makaratasi, amekuja nao.

Kwa mtu wa namna hiyo, na kwa mstaafu mwingine yeyote asiye Mzanzibari, kukodi nyumba ndiyo njia ya kwanza, na aghalabu ndiyo iliyo salama kuliko zote. Sababu iko katika sheria. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 inatoa haki ya matumizi ya ardhi kwa Mzanzibari. Asiye Mzanzibari hubakiwa na ukodishaji wa ardhi kwa ajili ya uwekezaji, au kununua fleti katika miradi iliyoidhinishwa kama ile ya Fumba. Wapo wanaoizunguka sheria kwa kununua kiwanja kwa jina la mpwa au binamu. Makala haya hayamshauri mtu kufuata njia hiyo. Mpwa akifariki, kiwanja kinaingia katika mirathi yake, wakeze na wanawe wanagawana, na mzee aliyetoa pesa hana karatasi hata moja ya kumwonesha kadhi.

Kwa hiyo akodi. Lakini wapi, na nyumba ya namna gani?

Mawazo ya wengi huenda kwanza Mji Mkongwe, kwa sababu ndio uliobaki kichwani miaka yote ya ugenini: misikiti, Darajani, kahawa ya jioni. Mji Mkongwe ni mzuri kwa mtu wa miaka 60 mwenye magoti yanayomtii. Nyumba zake ni za ghorofa, ngazi zake zimesimama wima, na vichochoro vingi havipitiki kwa gari, hivyo mgonjwa hubebwa mpaka barabarani. Kisha kuna umri wa majengo yenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba maarufu kuliko yote katika mji ulioingia urithi wa dunia mwaka 2000 liliweza kuanguka mchana kweupe, mpangaji ana haki ya kuuliza boriti za ghorofani kwake zilibadilishwa lini.

Chwaka ni habari nyingine. Iko pwani ya mashariki, Wilaya ya Kati, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini kwa njia ya Dunga, na daladala namba 206 inafika. Mbele yake kuna ghuba pana yenye kina kifupi, na ng'ambo ya maji ni Michamvi. Kusini ya ghuba kuna mikoko, mikubwa kuliko mahali pengine popote Unguja, ambayo tangu 2004 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Watu wa mjini wamezoea tangu zamani kwenda kupunga upepo huko, na maofisa wa Kiingereza nao walikuwa na desturi hiyo. Si Nungwi wala Paje: hakuna muziki wa usiku kucha, na samaki hununuliwa dikoni, kwenye mnada, kutoka kwa mtu aliyemvua.

Nyumba za kukodi hapo ni za aina tatu, na mpangaji mzee hana budi kuzitofautisha. Kuna nyumba za mapumziko za watu wa mjini, ambazo hukaa kufuli sehemu kubwa ya mwaka. Ni nzuri, zina baraza na upepo, lakini mwenyewe anaweza kuitaka Sikukuu na likizo za shule, na wala asione vibaya kumwambia mpangaji akae kwa jamaa siku chache. Kuna nyumba za wanakijiji, chumba kimoja au viwili upande wa uani, ambako mpangaji anapata jirani papo hapo na faragha kidogo. Na kuna nyumba mpya zilizojengwa na wanaoishi nje, nyingine hazijapata hata mapazia. Kwa mtu wa miaka 70 anayekuja peke yake, makala haya yanaiweka aina ya pili mbele ya nyingine, hata kama dari yake haipendezi. Sababu itaonekana huko mbele.

Matangazo ya barabarani ni machache. Nyumba hupatikana kwa kuuliza: dukani, baada ya sala ya alasiri, kwa dereva wa 206, kwa mama anayeuza samaki. Dalali naye yupo, na mazoea ni kumlipa ujira unaolingana na kodi ya mwezi mmoja. Si vibaya kumtumia. Vibaya ni kumlipa kabla ya kuingia ndani ya nyumba yenyewe na kuonana na mwenye nyumba uso kwa uso, kwa sababu picha katika simu ya dalali huweza kuwa ya nyumba iliyokwishachukuliwa, au isiyokuwapo kabisa.

Wakati wa kuja kutazama nao una maana yake. Karibu kila anayetoka ughaibuni hupanga safari yake Disemba au Januari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa ya kijani na jua limewaka. Nyumba yoyote hupendeza Januari. Aje katika masika, Aprili au Mei, aone maji ya mvua yanakwenda wapi, bati linavuja sehemu gani, na njia ya kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni ikoje kwa gari dogo. Au aje Julai, kusi likivuma, madirisha yakigonga na mwani uliokatika ukirundikana ufukweni na kunuka. Akiipenda nyumba wakati huo, ataipenda mwaka mzima.

Sasa maji, ambayo ndiyo kiini cha mambo yote katika pwani hii.

Upande wa mashariki wa Unguja ni mawe ya matumbawe, udongo mwembamba juu na mwamba wenye matundu chini. Maji matamu ya mvua hupenya kwenye mwamba huo na kuelea juu ya maji ya chumvi ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Bahari ikijaa, maji ya kisimani hupanda, ikipwa, hushuka. Kisima kilicho karibu na pwani, kikivutwa kwa pampu kupita kiasi, huvuta chumvi kutoka chini, na chumvi hiyo haiondoki kwa siku mbili. Ndiyo maana nyumba mbili zinazotazamana huweza kuwa moja na maji ya kupika chai, nyingine na maji ambayo sabuni haitoi povu.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Mpangaji aonje maji ya kisima mara mbili: wakati wa maji mafu, na wakati wa bamvu, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Maji yakiwa matamu wakati wa bamvu la kiangazi, kisima hicho ni mali. Kwa mwenye presha hili si suala la ladha tu. Daktari anayemkataza chumvi mezani hatafurahi kusikia kwamba anainywa glasini.

Kuna jambo la pili la kisima ambalo watu huona haya kuliuliza: choo. Mwamba wenye matundu haupitishi mvua peke yake. Karo la choo likiwa karibu na kisima, yaliyomo humfikia mnywaji. Zanzibar ilipata mlipuko mkubwa wa kipindupindu mwaka 2015 ukaingia 2016, na mkosaji katika maradhi hayo ni yale yale maji. Aone karo liko wapi, lake na la jirani, kisha achemshe maji ya kunywa hata akihakikishiwa na kila mtu kwamba hakuna haja. Akiambiwa nyumba ina bomba la ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, afungue bomba mwenyewe na aulize maji hutoka siku zipi na saa ngapi. Kisha atazame kama kuna tangi, na kama tangi hilo lina mfuniko.

Umeme unachukua maneno machache zaidi. Unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba. Waya wa zamani ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulitandikwa mwaka 2013 na mambo yamekuwa afadhali. Bado, mwenye insulini kwenye friji au anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua awe na mpango wa pili, ama betri ama sola. Mita iwe ya nyumba yake peke yake. Mita moja ya Tukuza, yaani ya umeme unaolipiwa kabla, ikitumiwa na familia mbili ni ugomvi wa kila wiki, na mpangaji mgeni ndiye anayedhaniwa kuwa na pesa za kununulia umeme wa wote.

Baada ya maji, swali kubwa ni hili: nyumba ni ya nani?

Linaonekana jepesi mpaka lijibiwe. Nyumba nyingi za shamba Unguja ni za marehemu. Baba alifariki, watoto saba wakabaki, mmoja anakaa karibu na ufunguo uko kwake. Huyo ndiye atakayeonesha vyumba, atataja bei, na atapokea kodi ya mwaka. Ndugu wengine wakirudi kutoka Dar es Salaam au Muscat na kukuta mpangaji ambaye hawakuulizwa habari zake, hawatagombana na ndugu yao. Watakwenda kwa mpangaji. Aulize bila kuona haya kama mirathi imegawiwa, na hisa ya nyumba imemwangukia nani. Kama haijagawiwa, warithi wote waliopo watie saini, au mmoja awe na wakala wa maandishi kutoka kwa wenziwe. Mwenye nia safi hachukii swali hilo. Zanzibar mambo ya mirathi ya Waislamu yanajulikana kwa Mahakama ya Kadhi na kwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na karatasi zake, kama zipo, zinaweza kuoneshwa.

Kamisheni hiyo inahusika pia ikiwa nyumba ni wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake yana watu au msikiti uliotajwa na aliyeiweka. Mjini zipo nyingi. Kuikodi si tatizo, ila anayekodisha awe ni Kamisheni au msimamizi anayetambuliwa, asiwe mpangaji mwingine anayepangisha juu kwa juu.

Na miti. Hapa mgeni hushangaa, na hata Mzanzibari aliyekulia Muscat hushangaa. Kwa desturi ya visiwani, ardhi, nyumba na minazi iliyo uani vinaweza kuwa na wenyewe watatu mbalimbali. Mkwezi atapiga hodi asubuhi, atapanda, ataangua nazi na kuondoka nazo, na hajamwibia mtu. Mpangaji aulize mapema minazi ni ya nani, asije akachuma dafu la watu, na asije akaweka kiti chake cha kupumzikia chini ya mnazi ambao mwenyewe hauangui.

Akishapenda nyumba, asilipe kwanza. Aende kwa sheha.

Sheha ndiye kiongozi wa Serikali katika shehia, na ndiye anayejua nani kahamia na nani kahama. Mtu anayeingia kukaa hutakiwa kujulikana kwake, na barua yake huhitajika katika shughuli nyingi za kiofisi. Faida ya kwenda kabla ya kulipa ni kwamba sheha anajua pia nyumba ipi ina kesi. Hatasema moja kwa moja. Atasema, "Babu, ile nyumba subiri kidogo," na babu mwenye busara atasubiri. Aende na mtu wa hapo hapo kijijini, atoe salamu ndefu, asitangulize shida yake.

Upande wa Uhamiaji, viza ya kawaida ya matembezi ni ya siku 90 na haimfanyi mtu kuwa mkaazi. Vibali vya ukaazi viko madaraja matatu: A kwa wawekezaji, B kwa waajiriwa, na C ambalo limebeba makundi mengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti na wastaafu. Mstaafu aulize daraja C, na mwenye asili ya Zanzibar aulize pia ubalozini utaratibu wa sasa kwa diaspora, kwa kuwa serikali zimekuwa zikiugusa mara kwa mara. Mkataba wa nyumba wa mwaka mzima mkononi mwa mtu mwenye viza ya miezi mitatu ni kodi ya miezi tisa iliyowekwa rehani. Asisahau pia kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya Shirika la Bima Zanzibar, dola 44 kwa siku 92. Hiyo ni bima ya msafiri. Dawa zake za sukari na presha za kila mwezi bado ni juu yake.

Afya yenyewe ipimwe kwa barabara. Chwaka ina kituo cha afya, hospitali ya wilaya iko Mwera Pongwe, na kesi nzito huishia Mnazi Mmoja mjini. Mpangaji afanye safari hiyo mara moja usiku, kwa gari atakaloweza kulipata kweli saa nane za usiku, si kwa gari la mwanawe aliyekuja likizo. Hapa ndipo ile nyumba ya uani kwa wanakijiji inapoipita nyumba ya ufukweni yenye geti. Mzee akianguka bafuni, atakayesikia ni jirani. Nyumba ya mapumziko iliyozungukwa na nyumba nyingine zilizofungwa ina mandhari nzuri sana na haina wa kusikia.

Bafuni kwenyewe kuna mambo. Choo cha kukaa au cha kuchuchumaa? Magoti hujibu swali hilo kabla ya akili. Sakafu ya vigae vinavyong'aa ikilowa huteleza; ya saruji iliyokwaruzwa ni bora ingawa si ya kisasa. Vizingiti vya milango ya zamani ni virefu, na usiku vinaangusha watu. Kitanda kiwe mbali na ukuta unaolowa, chandarua kiwepo hata kama malaria imepungua sana Unguja, maana mbu wa mikokoni hawajapungua. Paa la makuti lina ubaridi mzuri lakini huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Bati huliwa na chumvi ya bahari, na kutu huanzia kwenye misumari. Boriti azigonge kwa fimbo asikie kama mchwa wamezimaliza ndani. Nani atalipa kila moja ya hizo ikiharibika? Jibu liandikwe.

Pesa. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mpigo, na anayetoka Ulaya huambiwa bei kwa dola. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mkataba uwe wa shilingi na risiti iwe ya shilingi. Kuhusu muda, miezi mitatu ya mwanzo hata kwa bei ya juu kidogo ni nafuu kuliko mwaka mzima ndani ya nyumba yenye maji ya chumvi. Mwenye nyumba akikataa, mpangaji alipe sita, si kumi na mbili, na alipe kwa benki au kwa simu ili kubaki na alama. Mkataba uwe kwa Kiswahili, uwe na majina kamili ya pande zote, mashahidi wawili wa hapo hapo, na orodha ya vitu vilivyomo ndani, pamoja na pampu. Pampu hasa, kwa kuwa ndiyo kitu cha kwanza kuungua.

Vifungu viwili husahauliwa na wapangaji vijana bila madhara, lakini mzee asivisahau. Cha kwanza ni kifo cha mwenye nyumba: iandikwe kwamba mkataba utaendelea kwa warithi wake mpaka muda uliolipiwa uishe. Cha pili ni mpangaji mwenyewe kuugua na kulazimika kurudi kwa watoto wake Muscat au Leicester. Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi na amelipa miezi sita, jumla 1,800,000, kisha akaondoka mwisho wa mwezi wa pili. Bila kifungu, 1,200,000 zimepotea. Kwa kifungu kinachotaka taarifa ya mwezi mmoja, mwezi wa tatu unahesabiwa kuwa wa taarifa, na mwenye nyumba anamrudishia 900,000, au anamruhusu kumwingiza jamaa yake amalizie muda. Wenye nyumba wengi wa shamba hukubali hilo la mwisho kwa urahisi zaidi kuliko kurudisha fedha taslimu, kwa kuwa fedha yenyewe huwa imekwishanunua mabati.